Jazi: Anza na Anayeimba, Mwisho Nenda kwa Wanaopiga Kelele

Nikisema nasikiliza jazi, wenzangu hudhani nazungumzia Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Naipenda, lakini ile ni dansi. Jazz ni jina la bendi tu. Hapa nasemea jazi ya Wamarekani weusi, ambayo wengi huikimbia kwa sababu waliingilia mlango wa nyuma.

Anza na waimbaji. Tafuta "Ella and Louis" ya 1956: Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, Oscar Peterson kwenye piano. Mzunguko wa kwanza fuata maneno. Wa pili, msubiri Armstrong aache kuimba na kushika tarumbeta. Utagundua hajaacha kuimba.

Kisha njoo kwenye daraja langu: "John Coltrane and Johnny Hartman", 1963. Nyimbo sita, nusu saa hivi, na ni za usiku, taa ikiwa imezimwa. Kwenye "My One and Only Love" Coltrane anapuliza wimbo mzima kwa saksafoni, ule mdomo wa bata, peke yake kwanza. Hartman haingii mpaka dakika mbili zimepita. Akiingia, wimbo unaujua tayari, kwa kuwa mdomo wa bata umeshakuimbia.

Sasa mshike Coltrane, usimwachie. Rudi nyuma kidogo kwenye "My Favorite Things" ya 1961. Ni wimbo wa jukwaani Broadway, yeye kauvuta karibu dakika 14 kwa saksafoni ya soprano. Mimi niliyekulia Tanga nasikia zumari humo, na sitaki kubishana na mtu. Halafu "A Love Supreme", iliyorekodiwa Desemba 9, 1964. Shika zile noti nne za besi mwanzoni. Coltrane anazihangaisha huku na huku, na mwisho wa sehemu ya kwanza zinaimbwa kwa mdomo. Rudia hapo hata mara tatu.

"Ascension" ya 1965, wanamuziki kumi na mmoja, iache kwanza. Kabla yake pitia "Free Jazz" ya Ornette Coleman, iliyorekodiwa Desemba 1960. Hii ndiyo iliyonichezea. Niliisikiliza kwenye daladala kwa hedifoni za elfu tano, nikawa najiuliza: mbona hawa wanajibizana na mtu asiyekuwepo? Wiki nzima nikawa nawasimulia watu kwamba Coleman anapenda kuacha nafasi. Kumbe upande wa kulia wa hedifoni ulikuwa umekufa! Rekodi ile ina bendi mbili za watu wannewanne zinazopiga kwa pamoja: kushoto Coleman, Don Cherry, Scott LaFaro na Billy Higgins, kulia Eric Dolphy, Freddie Hubbard, Charlie Haden na Ed Blackwell. Nilikuwa nimesikia nusu ya mazungumzo.

Makosa yangu yakawa njia yangu. Hakikisha simu haijawekwa mono, yaani sauti ileile masikio yote mawili. Chukua dakika kumi za mwanzo: sikio la kushoto peke yake, kisha la kulia peke yake, umtafute Dolphy na klarineti yake ya besi inayoguna kama mzee aliyeamshwa usingizini. Halafu vaa zote mbili. Vurugu itabaki, lakini utajua nani anamkatiza nani. Dakika 27 zilizobaki ziache kesho, na "Ascension" wiki ijayo, jirani akiwa kazini.