Tumbaku na shingo ya kizazi

Akina mama wa Urambo, Kaliua na Sikonge, wilaya za Tabora zinazolima tumbaku, madhara ya tumbaku hayaishii kwenye mapafu. Sumu za sigara huingia kwenye damu na zimekutwa hadi kwenye ute wa shingo ya kizazi. Saratani ya hapo huanzishwa na kirusi cha HPV. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka 2, lakini uvutaji hudhoofisha kinga ya eneo lile, kirusi kikang'ang'ania. Hatari ya mvutaji ni karibu mara 2 ya asiyevuta.

Dada unayevuta, acha, na ukifika miaka 30 usikose kipimo cha siki, kinachoonyesha kasoro kwenye shingo ya kizazi kabla hazijawa saratani. Mwenye VVU aanze mapema zaidi. Nenda ukiwa nje ya hedhi. Siku 2 kabla usijamiiane wala kujiosha ndani ukeni. Muuguzi hupaka siki, husubiri dakika 1. Penye kasoro hugeuka peupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo. Ukitibiwa kisha ukaendelea na sigara, kasoro hurudi kwa urahisi zaidi.

Ukitoka damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, wahi kituoni, usingoje tarehe ya kipimo.