Siku ya vumbi na wewe unapigania jumla: nani anafaa kuvuta?

Wasee wengi wa baiskeli hapa Nairobi wanaojipanga kwa mbio za siku kadhaa, mfano Migration Gravel Race kule Mara, siku 4 na karibu kilomita 650, wanajiandaa miguu tu. Wanapanda Ngong, wanashuka, wanapanda tena, wakifika nyumbani wanaangalia namba kwa simu. Sawa, bila miguu huendi popote. Lakini ukiwa kati ya wale watatu wanne wa juu kwenye jumla, yaani muda wa siku zote ukijumlishwa, na siku hiyo ni ya barabara ya vumbi, kuna swali moja lazima uamke nalo: tukichomoka kutoka kundini, nani analazimika kuvuta, yaani kukaa mbele akikata upepo wengine wapumzike nyuma yake? Kama jibu huna, utavutia wenzako hadi mwisho halafu wakuache kwenye mataa.

Mambo ya tairi nitapita haraka juu kila mtu ana maoni yake. Msee wa kilo 70 na tairi ya milimita 40, presha PSI 30 hadi 35 inatosha, na ile dawa ya kuziba pancha ndani iwe mpya, sio ya mwaka jana imekauka. Basi.

Kazi yenyewe inaanza lami ikiwa bado haijaisha. Hapo kila mtu anataka kuingia vumbi akiwa mbele na kundi linaenda kasi kuliko saa ingine yoyote, kwa hivyo ukingoja uone vumbi ndo usonge umeshachelewa. Anza kusonga kilomita 3 ama 4 kabla, na usisonge peke yako, mwambie mwenzako mmoja apite pembeni ale upepo wewe ukae nyuma ya gurudumu lake. Ukiingia wa 10 unaona mawe, unachagua ile njia nyembamba magari yamekanyaga hadi ikawa ngumu. Ukiingia wa 50 unaona mgongo wa mtu na vumbi tu, na kila kona ile watu wa mbele wamepita polepole we unasimama karibu kabisa, halafu unakimbizana kuziba pengo. Kona kumi na tano za hivyo na miguu imeisha, na bado hakuna mtu amekushambulia, yaani kuongeza kasi ghafla akuache!

Pale barabara imejikunja kama mabati, usibane hendeli na usiguse breki ya mbele kwa nguvu. Weka gia nzito kidogo, inua makalio kidogo tu, acha baiskeli icheze chini yako. Na uache nafasi ya kuona ardhi kati yako na wa mbele, hata kama unapoteza kinga ya upepo, juu shimo hulioni hadi yeye alipite.

Sasa tuje kwa kuvuta. Chukua siku ya 9 ya Tour de France 2024, Troyes hadi Troyes, kilomita 199, sehemu 14 za changarawe nyeupe, zikijumlishwa ni kama kilomita 32. Asubuhi hiyo Pogačar ako na jezi ya njano ya anayeongoza jumla, Evenepoel yuko nyuma kwa sekunde 33, Vingegaard kwa dakika 1 na sekunde 15. Pogačar akashambulia, akarudia tena. Kuna wakati Evenepoel alichomoka, Pogačar akaenda naye, Vingegaard akawafikia, wakawa watatu peke yao na wapinzani wengine wote wa jumla wako nyuma. Wakishirikiana hapo wanamzika Roglič na kila mtu mwingine. Vingegaard akakataa kabisa kuvuta. Evenepoel alikasirika na hakuficha, na watu wakaanza kusema yule wa Denmark ni muoga.

Mimi naona alipiga hesabu safi. Aprili alikuwa amevunjika mifupa kwenye ajali ya mbio za Itzulia kule Uhispania na akaja Tour bila kukimbia mbio ingine yoyote katikati. Siku hiyohiyo alikuwa amepata pancha akapewa baiskeli ya mwenzake Jan Tratnik, akaimaliza siku nayo. Nyuma yake kulikuwa na Jorgenson na Laporte, watu wake, wanakuja. Kila mita angevuta ingempeleka mbele mtu anayemshinda kwa jumla, na akipata pancha ingine akiwa mbele bila mtu wa timu, kwaheri. Akakaa nyuma yao, wakashikwa, Turgis akashinda siku, na hao watatu pengo lao halikusonga hata sekunde moja. Najua Pogačar alikuja kushinda Tour kwa dakika 6 na sekunde 17, lakini nyingi ya hizo dakika zilipotea milimani, sio Troyes.

Kwa hivyo mkibaki watatu, jiulize haraka: nyuma nina mtu wangu? Na hii kasi ikiendelea, anayefaidika zaidi ni mimi ama ni yule wa kwanza? Kama mtu wako yuko karibu na wa kwanza ndo anafaidika, kaa. Watakupigia kiwiko upite mbele, watakutukana, we kunywa maji. Ukiona aibu sana pita mbele vuta kidogo cha kuonekana, kasi ishuke, rudi nyuma.

Ila kukataa kuvuta kuna siku kunakuua. Giro 2025, zile mbio za wiki tatu za Italia, siku ya 20, Colle delle Finestre, mlima wa kilomita 18 hivi na kama 8 za juu ni vumbi. Del Toro anaongoza, Carapaz yuko sekunde 43 nyuma, Simon Yates dakika 1 na sekunde 21. Yates akaondoka. Hao wawili wakabaki kuangaliana, kila mmoja anangoja mwenzake avute, pengo linakua tu. Na timu ya Yates ilikuwa imemtuma Van Aert mapema na waliochomoka, akamngoja upande wa pili wa mlima akamvuta kwenye bonde. Yates akashinda Giro nzima kwa dakika 3 na sekunde 56. Tofauti na Troyes iko wazi: aliyeondoka alikuwa na uwezo wa kuwachukulia wote wawili kila kitu. Hapo huulizi zamu ni ya nani, unavuta kwanza mtagombana baadaye.

Cha kushangaza ni kwamba 2018 mlima huohuo Yates ndo alikuwa na jezi ya waridi ya anayeongoza Giro na akaipoteza, siku ile Froome, mzaliwa wa Nairobi huyu, alichomoka kilomita 80 kabla ya mwisho. Timu ya Froome ilipanga watu barabarani wampe chakula na maji ili asipande na mzigo. Hiyo unaweza kuiga hata mkiwa wawili tu kwenye timu, kama sheria zinaruhusu: mmoja aende na wale wanaochomoka asubuhi, akungoje baada ya mlima akiwa na chupa iliyojaa.

Kuhusu kubadilishana baiskeli kama Tratnik, soma sheria zenu kwanza, mbio zingine za vumbi haziruhusu. Kama zinaruhusu, kubalianeni mapema nani anatoa yake, na pedali ziwe aina moja, juu ukipewa baiskeli ambayo kiatu hakishiki, hiyo siku ni ya kusukuma. Kimo cha siti kikitofautiana kidogo utavumilia.

Na ukipoteza dakika mbili usianze kukimbizana na kila mtu siku inayofuata. Giro 2010 kwenye matope ya Montalcino, Nibali alianguka akapoteza jezi ya waridi, Basso wa timu hiyohiyo naye akapoteza muda, na wiki mbili baadaye Basso ndo alishinda.

Kama imenyesha usiku na njia inapita ule udongo mweusi kama wa Kitengela, hesabu zote za kuvuta weka kando. Udongo unajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Beba kijiti cha kuchokoa, pitia pembeni kwenye nyasi, na pale wengine wanang'ang'ania kukanyaga we shuka mapema, beba baiskeli begani ukimbie.