Kuhamisha mkanda wa harusi wa VHS kwenda kwenye kompyuta

Wanaoniletea mikanda hapa Dodoma wengi huanza na ombi moja: "Fundi, nitolee HD," yaani picha kali kama ya runinga za kisasa. Huwaambia ukweli kabla sijapokea hela. VHS ilitoka Japani mwaka 1976, na undani wa picha yake ni kama mistari 240 kwa upana. DVD ya PAL, mfumo wetu wa picha za runinga, ina vitone 720 kwa 576. Blu-ray, iliyoingia sokoni 2006, ina 1920 kwa 1080, yaani vitone mara 5 ya DVD. Kamera isichokinasa siku ya harusi, kompyuta haiwezi kukirudisha. Kazi yetu ni kuokoa chote kilichomo.

Hatua ya 1. Inua kifuniko cha mbele cha mkanda, uutazame kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe, huo ni ukungu: usiuingize kwenye deki, yaani mashine ya kuchezea mkanda, utaambukiza mikanda mingine. Hewa yetu kavu inatusaidia hapo. Adui yetu ni vumbi.

Hatua ya 2. Safisha hedi, yaani vichwa vinavyosoma picha kwenye mkanda, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Chomoa umeme, fungua deki. Hedi zimekaa kwenye ngoma ndogo inayong'aa, ambayo kwa PAL huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Lowesha karatasi nyeupe kwa spiriti ya asilimia 99, iegemeze ubavuni mwa ngoma na uitulize, kisha zungusha ngoma taratibu kwa mkono wa pili. Ukisugua juu na chini, utavunja hedi. Pamba usitumie, nyuzi zake hunasa. Karatasi itatoka na mstari mweusi. Badilisha nyingine, rudia mpaka itoke safi. Acha ngoma ikauke.

Hatua ya 3. Peleka mkanda mbele hadi mwisho, uurudishe. Uliokaa miaka mingi huwa umegandana.

Hatua ya 4. Chomeka waya za deki kwenye kifaa cha kunasia, kile kinachoingiza picha kwenye kompyuta: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Chagua PAL, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, umbo la 4:3. Usiivute picha ijaze runinga pana. Sura za watu zitatanuka, na sura hizo ndizo zilizomleta mteja.

Hatua ya 5. Kaa na mkanda unaponasa. Mama mmoja wa Mpwapwa aliniletea harusi yake. Akina mama wanapiga muheme, ngoma ya Wagogo, na nyuma yao marehemu baba yake anapita kwa sekunde chache, uso umejaa chenga. Tulirudisha mara tatu, nikigusa traking, kitufe cha deki cha kutuliza picha, kidogo kidogo, hadi uso ukatulia. Ningekuwa nimeenda kunywa chai, tungeukosa.

Hatua ya 6. Picha ikionyesha meno ya kitana watu wanapotembea, tenganisha mistari kwa programu, maana kila fremu ina picha mbili zilizofumwa pamoja, upate fremu 50 kwa sekunde. Hifadhi nakala mbili, kwenye diski mbili tofauti. Kisha mrudishie mwenyewe mkanda wake, umesimamishwa wima ndani ya kasha, mbali na jua la dirishani.