Somo: Pasi ya nywele, kabla hujatoa pesa

Assalamu alaykum wapendwa. Mwezi huu nimeletewa vichwa vitatu vilivyoungua, vyote kwa sababu moja: pasi iliyochaguliwa kwa rangi yake. Basi leo tunachagua pasi. Dawa za kulainisha tutaziweka siku nyingine.

Hatua ya 1: Ujue unywele wako. Usiniambie "zangu ngumu" ukaishia hapo. Chukua unywele mmoja uliobaki kwenye kitana, uviringishe kati ya gumba na kidole cha shahada. Ukiusikia kama uzi wa cherehani, ni mnene. Usipousikia, ni mwembamba. Kujisokota ni jambo jingine kabisa; nywele nyingi za kipilipili ni nyembamba, zinaonekana ngumu kwa wingi wake tu. Hapo ndipo watu wanapojiunguza. Nyembamba zataka nyuzi 150 za Selsiasi au chini ya hapo, za wastani 150 hadi 180, nene 180 hadi 200. Mimi 200 siivuki. Keratini, ile protini ya unywele, ikishaharibika kwa moto hairudi, hata uzioshe kwa tui.

Hatua ya 2: Pasi iwe na namba. Hii ndiyo hatua yenyewe, nyingine zote ni nyongeza. Pasi yangu ya kwanza niliinunua Malindi, duka silitaji. Ilikuwa na kitaa chekundu na maandishi ya dhahabu ubavuni, basi. Nikaijaribu kwenye kishungi cha mbele cha binti ya dada yangu, siku anapakwa hina. Ikatoka harufu ya kwato, na kishungi nikabaki nacho mkononi kama usumba. Mpaka leo akiniona hushika utosi.

Kitaa kinakwambia pasi imewaka, hakikwambii imewaka kiasi gani. Tafuta yenye kioo cha namba au gurudumu la nyuzi. Na namba uzisome vizuri: 450 hiyo ni Farenhaiti, sawa na 232 za Selsiasi. Usiifikie.

Hatua ya 3: Mabamba. Mabamba ndiyo yanayobana nywele. Ya seramiki, yaani udongo wa kuchomwa, hupata moto taratibu na kwa usawa, anayeanza achukue hiyo. Titaniamu, ambayo ni metali, hupata moto upesi mno, inafaa nywele nene na mkono uliozoea. Tomalini ni madini yanayosagwa na kutiwa kwenye mabamba. Muuzaji atakwambia yanamaliza timtim. Mimi sijaona tofauti ya kulipia bei mara mbili.

Jihadhari na seramiki ya kupakwa juu ya bati, hubanduka. Hapo hapo dukani, ifunge pasi ikiwa baridi, iinue kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Ukiona mstari wa mwanga kati ya mabamba, irudishe: itashika nywele za pembeni na kuziacha za katikati, nawe utapitisha mara nne pale palipotosha mara moja. Kisha tia ncha ya mtandio wako wa shifoni katikati, uvute polepole. Ikinasa mtandio, itanasa nywele.

Hatua ya 4: Upana na waya. Sentimita 2.5 hufika kwenye mizizi na kingo za uso. Za sentimita 4 au 5 ni za nywele ndefu na nzito. Kama unanunua moja tu, chukua ndogo. Waya uwe mrefu, maana nyumba zetu za kale soketi ni moja, nayo iko nyuma ya kitanda.

Ukishanunua: nywele ziwe kavu kabisa, upake kinga ya joto kidogo, ushike kishungi chembamba, upitishe mara moja au mbili. Ukisikia "chwaaa" kama hamri linaloingia kwenye mafuta, simama. Hayo ni maji yanachemka ndani ya unywele.

MASWALI

Mama Pacha, Langoni: Dada, wifi ataniletea pasi kutoka Marekani. Mwingine yuko Dubai. Nimwagize nani?

Wa Dubai, mama. Stima yao inalingana na yetu ya volti 240, na plagi ni hii hii ya miguu mitatu bapa. Ya Marekani ni volti 120, ukiichomeka hapa itaungua. Labda iwe imeandikwa "100–240V", hiyo itahitaji kibadilisha plagi tu.

Binti wa Bandarini: Da, nikinyoosha Alhamisi, Ijumaa za mbele zimesharudi timtim. Za nyuma ziko sawa. Pasi mbovu?

Pasi haina kosa, ni udhu. Unapangusa kichwa mara tano kwa siku, na maji hulegeza kile kilichoshikwa na moto, nywele zikarudi kwenye msokoto wake. Josho nalo litazirudisha zote, hakuna pasi ya kulizuia. Usizipige pasi tena kila siku. Acha zikauke, zilaze kwa kitambaa cha hariri.

Bi Mkubwa, Shela: Mwanangu, sisi tulitumia kitana cha moto juu ya makaa na nywele zilifika kiunoni. Pasi ya nini?

Shikamoo Bi. Nyinyi mlikuwa na mikono! Mlikijaribu kitana kwenye kitambaa kwanza, kikiacha alama mnangoja. Wajukuu zenu hawangoji.

Mama Idi Njema, Malindi: Mwanangu ana miaka 6, anataka nywele za singa siku ya Idi.

Pasi hapana, dada. Zioshe, zikiwa na unyevu kidogo zigawanye mafungu, uzungushie uzi kutoka mizizi hadi ncha, alale nazo. Asubuhi zifungue zikiwa zimekauka kabisa. Zitakuwa zimenyooka za kutosha, na mkono wa Idi utakuwa umeshamfanya asahau habari ya nywele.