Hesabu mvua, usihesabu tarehe

Ukipanga kupanda vilima vya Luchelele, Mwanza, vuli hii kuangalia maua pori, achana na kalenda. Subiri mvua kubwa ya kwanza, ile inayolowanisha udongo mpaka chini, kisha hesabu wiki mbili ndipo uende. Maua ya mwanzo, kama lile jekundu la duara mfano wa mpira, yana kichwa kama kitunguu ardhini chenye akiba ya chakula, kwa hiyo huchanua kabla nyasi hazijarefuka. Ukichelewa mwezi mzima utakuta nyasi tu (na kupe). Toka alfajiri: yale madogo ya buluu husinyaa kabla ya saa sita mchana, na radi za alasiri juu ya mawe matupu si mchezo. Hesabu hii hufeli mvua ikinyesha mara moja kisha jua likakaza, au mbuzi wakikutangulia. Muulize mchungaji yeyote pale chini, anajua kuliko simu yako. Halafu lile ua linalotambaa, jekundu lenye kingo za njano, watoto wasilichimbe. Kiazi chake kina sumu kali.