Kuku Anakula Soya, Lakini Mwili Wake Unapata Nini?

Mfuko wa chakula cha kuku ukiandikwa protini asilimia 17, hiyo ni protini iliyomo mfukoni. Inayoufikia mwili wa kuku ni hesabu nyingine, na mara nyingi huharibikia kwenye karai la kukaangia soya.

Kuku hatumii protini ikiwa nzima. Chakula hulainika kwenye gole, kile kifuko cha shingoni, hukutana na asidi na kimeng'enya pepsini tumboni, husagwa kwenye firigisi. Kwenye utumbo mwembamba, kongosho humwaga vimeng'enya, hasa tripsini, vinavyoikatakata protini mpaka iwe vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Hizo ndizo zinazopenya ukuta wa utumbo, zikaingia kwenye damu na kupita ini, ndipo zijenge nyama, manyoya na yai.

Soya mbichi ina kizuizi kinachoishika tripsini isifanye kazi. Kongosho humwaga zaidi na zaidi hadi linavimba, na vimeng'enya hivyo vimejengwa kwa asidi amino zilezile anazozihitaji kuku. Anapoteza mara mbili. Ndiyo maana vifaranga hudumaa huku vihori vinaisha.

Dawa ni moto wa kiasi. Chemsha maji kwanza, tia soya, hesabu dakika 30 tangu yachemke tena, chuja, anika hadi punje ivunjike kavu, kisha saga. Ukikaanga, tandaza punje chache na ukoroge bila kuacha. Pasua punje moja: iwe na rangi ya maziwa yaliyokolea hadi katikati, bila harufu ya maharage mabichi. Ikiwa kahawia nzito umeiunguza. Laisini, mojawapo ya asidi amino, imegandamana na sukari na utumbo hauwezi kuitoa.

Kuiva pekee hakutoshi. Mahindi na mashudu ya alizeti yana laisini haba. Soya inayo ya kutosha ila methionini, asidi amino nyingine, ni kidogo. Dagaa wanazo zote, lakini tia kiganja kimoja cha dagaa waliosagwa kwenye glasi ya maji: mchanga ukizama, umenunua mchanga. Asidi amino moja ikipungua, zilizobaki ni kama mabati yasiyo na misumari. Mwili hauna ghala la kuziweka, hivyo ini huzivunja na naitrojeni hutoka kwenye ile sehemu nyeupe ya kinyesi. Kuku hunywa maji zaidi, maranda hulowa, amonia huchoma macho.

Kwa hiyo mayai yakiwa madogo, manyoya hafifu na banda linachoma macho, usikimbilie kuongeza soya. Kagua kwanza vinyweshea visivuje, kisha angalia methionini. Ya unga huwekwa gramu 100 hadi 200 kwa kilo 100 za chakula, kutegemea dagaa uliotia. Ichanganye na kilo 2 za pumba laini, halafu kilo 10 za chakula, ndipo umwage kwenye rundo lote. Usisage mahindi yakabaki chenga kubwa mno: kuku hudonoa chenga na kuacha vumbi, na methionini imo kwenye vumbi. Wamalize kihori kabla hujaongeza.