Kwenda Chemka kwa Miguu: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Chemchemi ya Chemka, ambayo wengine huiita Kikuletwa, iko upande wa Rundugai, wilayani Hai. Kutoka Moshi unapanda daladala hadi Boma Ng'ombe. Anayetoka Arusha anashukia hapo hapo. Wengi humalizia kwa bodaboda au bajaji. Anayetaka kutembea ajipange kwa kilomita zaidi ya 10 za njia ya vumbi, saa tatu hivi kwa mwendo wa kawaida, na hesabu aianzie kwenye kurudi. Kwenda unateremka tambarare, tena asubuhi. Kurudi unapanda, mwili umeshalegezwa na maji na jua liko utosini. Watu wengi wanaoishia hoi katika safari hii huishia hivyo jioni. Kwa hiyo kabla hujaondoka Boma chukua namba ya dereva wa bodaboda, mkubaliane bei na saa ya kukufuata, hata kama unaamini utarudi kwa miguu.

Toka Boma saa 12 asubuhi, ikichelewa sana saa 1. Ukifika kabla ya saa 4 unayakuta maji bado meupe, mizizi ya mitini inaonekana hadi chini. Mchana, hasa wikiendi na sikukuu, watu wakishakuwa wengi tope la kingo huchanganyika. Jumanne ni bora kuliko Jumapili, na hilo halina mjadala. Masika, Machi hadi Mei, acha kutembea kabisa: udongo mweusi ukilowa unang'ang'ania soli, kila kiatu kinakuwa na uzito wa tofali, na bodaboda nazo zinateleza.

Maji ya kunywa ni lita tatu kwa mtu, na lita moja kati ya hizo isiguswe hadi wakati wa kurudi. Kuoga hudanganya: ukiwa ndani ya maji husikii kiu, lakini mwili unaendelea kupoteza maji kwa mkojo na jasho. Ukifika, kaa kivulini robo saa, kunywa nusu lita, kisha ndiyo uingie. Miguuni vaa raba yenye soli ngumu. Mwiba wa mgunga unapita kwenye ndala bila kubisha hodi, na anayekwenda kwa baiskeli abebe viraka na pampu. Ndala au yeboyebo zibaki kwenye begi kwa ajili ya kingo za maji, ambako mizizi inateleza.

Usitegemee maji ya moto. Ya Chemka ni ya uvuguvugu tu. Yanayounguza ni kama yale ya Maji Moto kando ya Ziwa Manyara, ambayo hayaogwi. Hatari ya hapa ni kina. Sehemu kubwa ya bwawa inampita mtu mrefu, na maji yalivyo maangavu hufanya chini paonekane karibu kuliko palivyo. Asiyejua kuogelea anahesabu hatua mbili kutoka ukingoni, ya tatu haipo. Avae boya linalofungwa kifuani. Tyubu ya tairi inamponyoka mtu mwenye hofu, kwa hiyo hiyo ni ya kuchezea, si ya kuokolea. Watoto wawe na mtu mzima aliye ndani ya maji, siyo yule anayepiga picha juu. Kwenye kamba ya kurukia, tazama kwanza wenyeji wanaachia wapi, ngoja aliyetangulia aondoke, na usiruke kichwa mbele. Upande maji yanakotoka bwawani kuna mkondo. Usiufuate kwenda mtoni, maana mto huo ni wa bonde la Pangani, na bonde hilo lina mamba. Bia, kama lazima, iwe baada ya kuvaa nguo kavu.

Vidagaa vitakuja kudonoa nyayo. Havina neno, ila mwenye kidonda kibichi asiingie. Sabuni iache nyumbani, na badala ya kujipaka losheni ya jua nzito vaa fulana ya mikono mirefu.

Kichocho ndicho watu wanachokisahau. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia na kupenya ngozi, kwa hiyo usinawe miguu kwenye mifereji ya mashamba njiani, na hata chemchemini kaa penye maji yanayotembea, mbali na majani ya kingo. Ukipata muwasho siku zile zile, au damu kwenye mkojo wiki kadhaa baadaye, nenda kapime na useme uliogelea wapi. Dawa ipo, prazikwanteli.

Begi lisizidi kilo sita, maji yakiwemo. Simu na fedha ziwekwe kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na ile mbadala inapitisha maji. Beba noti ndogo za kiingilio na nauli. Chakula kifungwe ndani ya begi lenye zipu, kwani tumbili wanajua ndizi zilipo kabla hujazitoa.

Mwisho, nguo. Chupi mbichi na vumbi huchubua mapaja ndani ya kilomita mbili. Badilisha zote, jifute hadi katikati ya vidole vya miguu, subiri dakika tano ngozi ikauke, paka mafuta ya mgando mapajani na kisiginoni, kisha vaa soksi kavu. Saa 8 mchana uwe umeshatoka majini. Malengelenge yakianza njiani, usiyapasue. Funga kitambaa na umpigie yule wa bodaboda. Mtu akizidiwa, hospitali ya wilaya ya Hai iko pale pale Boma Ng'ombe, na namba ya dharura ni 112.